Maswali ya wasomaji: Lundehund, mbwa aliyeitwa kwa jina la windo lake

Wasomaji kadhaa wametuandikia kuhusu majina ya Kinorwei ya wanyama wa kazi. Wengi wanauliza juu ya neno moja, lundehund, hivyo tumelipa nafasi kubwa kuliko mengine.

SWALI: Nimesoma mahali kwamba lundehund ni "mbwa wa kijisitu", kwa kuwa lund kwa Kinorwei ni kundi dogo la miti. Pengine nikasoma kwamba ni mbwa wa ndege fulani. Lipi ni sahihi?

JIBU: La ndege ndilo sahihi. Ushahidi wake umo ndani ya neno lenyewe, na nje ya neno pia.

Neno lina sehemu mbili, lunde na hund. Hund ni mbwa, hilo halina mjadala. Lunde ni ndege wa baharini ambaye wanasayansi humwita Fratercula arctica: mgongo mweusi, tumbo jeupe, miguu ya rangi ya chungwa na mdomo mnene wenye mistari ya rangi. Uzito wake ni kama nusu kilo, mara nyingi pungufu ya hapo. Hajengi kiota mtini. Huchimba shimo kwenye udongo wenye nyasi juu ya majabali ya pwani, au hujipenyeza chini ya mawe yaliyoporomoka, na huko ndani hutaga yai moja tu kwa mwaka.

Maelezo ya kijisitu yanazaliwa pale mtu anapolikata neno mahali pasipo pake. Analigawa lund, e, hund, akidhani hiyo e ni herufi ya kuunganisha. Hatuwezi kumlaumu moja kwa moja, kwa sababu Kinorwei kweli kina e ya kuunganisha. Fårehund, mbwa wa kondoo, ni får, e, hund. Ukitazama herufi peke yake, hakuna kinachokuzuia kulikata lundehund namna hiyo hiyo. Kinachozuia ni historia ya lugha.

Kinorse cha Kale, lugha waliyoizungumza mababu wa Wanorwei na Waaisilandi, kilikuwa na maneno mawili tofauti. Lundr ilikuwa kijisitu. Lundi ilikuwa ndege. Lundr ilidondosha r yake ya mwisho ikabaki lund, na ndiyo lund ya leo inayoonekana katika majina mengi ya mahali na ya ukoo. Lundi ilikuwa katika kundi la nomino za kiume zinazoishia na i, na i hiyo Kinorwei kimeigeuza kuwa e. Hani, yaani jogoo, imekuwa hane. Kwa njia ile ile lundi imekuwa lunde. Kiaisilandi, ambacho kimeitunza miisho ya kale kuliko ndugu zake, bado kinamwita ndege huyu lundi. Kideni kinasema lunde, na Kiswidi kinasema lunnefågel, ambapo fågel ni ndege. Kwa hiyo e iliyo katikati ya lundehund ni sehemu ya jina la ndege. Haikuletwa na mtu ili kuunganisha chochote.

Kuna jambo moja dogo la kuongeza kwa wanaopenda undani. Katika maneno ambatani ya kale, nomino za kundi hili zilichukua umbo lake la umilikishi, lunda-. Waaisilandi husema hivyo hadi leo: lundaveiði ni uwindaji wa lunde. Kinorwei cha maandishi ya Bokmål, moja ya namna mbili za kuandika Kinorwei, kimezifanya a nyingi za namna hiyo, zisizo na mkazo, kuwa e. Ukianzia lundi unafika lunde, ukianzia lunda- unafika lunde. Njia zote mbili zinatoka kwa ndege, na hakuna hata moja inayopita kwenye miti.

Nje ya neno, tazama mahali. Makao ya mbwa huyu ni visiwa vya nje vya Lofoten, hasa Værøy, kaskazini mwa Norwei, ambako lunde huzaliana kwenye majabali yanayotazama bahari kuu. Mwaka 1591 Erik Hansen Schønnebøl, aliyekuwa ofisa wa serikali huko Lofoten, aliandika maelezo ya eneo hilo na akaeleza kwamba ndege wanaokaa mashimoni Værøy hawapatikani bila mbwa mdogo aliyezoea kuingia na kuwatoa. Huo ni ushahidi wa kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyolipa neno maana. "Mbwa wa kijisitu" hana kazi ya kufanya mahali pale.

Jina la ndege huyu limesafiri mbali pia. Kisiwa cha Lundy, kusini-magharibi mwa Uingereza, huelezwa kuwa lundi na ey, yaani kisiwa cha lunde, jina lililoachwa na mabaharia wa kaskazini.

SWALI: Ndege wa nusu kilo anahitaji mbwa maalumu wa nini? Na je, ni kweli mbwa huyu ana vidole sita?

JIBU: Ni kweli, na pengine zaidi. Viwango vya uzao vinadai angalau vidole sita kila mguu. Kwa miguu ya mbele vidole vitano vinapaswa kubeba uzito, kwa ya nyuma vinne. Chini ya wayo wa mbele kuna vifuko vinane vya nyama ngumu, na chini ya wa nyuma saba.

Ili uelewe kwa nini, fikiria shimo lenyewe. Njia ya lunde inaweza kuwa na urefu wa mita moja au zaidi, ni nyembamba, mara nyingi ina kona, na chini ya mawe njia hugawanyika. Mkono wa mtu haufiki. Mbwa wa kawaida anaingia kichwa na mabega, kisha anakwama, kwa sababu hawezi kugeuka wala kurudi kinyumenyume kwenye mteremko. Lundehund ni mdogo: dume ana kimo cha sentimita 35 hadi 38 begani na uzito wa kilo 7 hivi, jike sentimita 32 hadi 35 na kilo 6. Miguu yake ya mbele hufunguka pembeni kabisa, kama mtu anayenyoosha mikono, hivyo anaweza kulala bapa na bado akajivuta mbele. Shingo hupinda kwenda nyuma hadi kichwa kikaribie kugusa mgongo, na hiyo humsaidia kugeuka mahali ambapo mwili mzima haugeuki. Masikio husimama, lakini gegedu lake hujikunja na kuyafunga, udongo na maji visiingie. Vidole vya ziada humpa breki na mshiko juu ya jabali lenye utelezi.

Katika kijiji cha Måstad kisiwani Værøy watu waliishi kwa samaki na kwa ndege hawa. Nyama ilitiwa chumvi kwa majira ya baridi, manyoya yakauzwa. Kaya moja iliweza kuwa na mbwa kadhaa, na mbwa mzuri alikuwa mali ya maana.

Kilichoharibu mambo ni nyavu. Mahali pengi katika karne ya 19 wawindaji walianza kuwakamata lunde kwa nyavu, na mbwa anayekula mwaka mzima kwa kazi ya miezi michache akaonekana mzigo, hasa pale alipotozwa kodi. Måstad waliendelea na mbwa wao kwa muda mrefu kuliko wengine, ndiyo maana uzao ulisalia huko. Mwaka 1939 mfugaji Eleanor Christie, aliyeishi kusini mwa nchi, alipata watoto wa mbwa kutoka Måstad. Chama cha mbwa cha Norwei, Norsk Kennel Klub, kiliutambua uzao huu mwaka 1943. Lakini katika miaka hiyo ya 1940 ugonjwa wa virusi uitwao distempa ukapiga Værøy na ukapiga kusini pia, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wamebaki mbwa sita tu.

Wote walio hai leo wanatokana na hao wachache. Matokeo yake yanaonekana hospitalini kwa madaktari wa mifugo: uzao una ugonjwa wa utumbo unaofanya mwili upoteze protini, watoto kwa kila uzazi ni wachache, na tofauti za kijeni ni finyu mno. Katika miaka ya 2010 wafugaji nchini humo walianza mpango wa kuchanganya damu kwa uangalifu na nyuzao za karibu, ikiwemo buhund, mbwa wa Kinorwei wa kuchunga mifugo. Wapo wanaosikitika kwamba usafi wa uzao unavunjwa. Sisi tunaona kwamba uzao usioweza kuzaa hauna usafi wa kulindwa, na mpango ule ni wa busara.

Kazi yenyewe imekwisha. Lunde sasa analindwa na sheria nchini Norwei, na idadi yake imeshuka sana. Jina limebaki likieleza kazi isiyofanyika tena.

SWALI: Na buhund je? Kamusi yangu inasema bu ni kibanda au duka. Ni mbwa wa kibanda?

JIBU: Hapa mtego ni ule ule wa lund na lunde, ila umejificha vizuri zaidi, kwa sababu maneno mawili ya kale yameangukia kwenye umbo moja.

Kinorse cha Kale kilikuwa na búð, kibanda, na bú, ambayo ilimaanisha nyumba pamoja na shamba lake, na kwa hiyo mifugo pia. Sauti ya mwisho ya búð ilipotea, na maneno yote mawili yakawa bu. Kamusi yako imekupa la kwanza. Buhund inatokana na la pili.

Unajuaje? Tazama maneno jamaa. Bufe ni mifugo ya nyumbani, bu na fe, na fe yenyewe ni mifugo. Buskap ni kundi la ng'ombe wa shamba. Budeie ni mwanamke anayewatunza na kuwakamua ng'ombe. Hakuna hata moja kati ya haya lenye kibanda ndani yake. Bonde, mkulima, naye ni wa ukoo huo huo, kutoka bóndi, yaani mtu anayekaa na kuendesha bú.

Utakutana na waandishi wanaosema bu hapa ni kibanda cha mchungaji mlimani wakati wa kiangazi. Maelezo hayo yana ladha, kwani kweli wachungaji walipanda milimani na mbwa wao. Lakini mbwa huyu aliitwa kwa mifugo aliyoichunga na boma alilolinda, si kwa paa alilolalia. Kwa umbo ni mbwa wa wastani, dume ana sentimita 43 hadi 47, mkia uliojikunja mgongoni, na hutumia sauti yake sana akiswaga kondoo. Anayemfuga kwenye nyumba zilizobanana ajiandae kwa kelele.

SWALI: Ni lini mtu anaweka e, lini s, na lini haweki kitu katikati ya maneno haya?

JIBU: Hakuna kanuni moja inayofunga kila neno, lakini kuna jaribio linalokuokoa mara nyingi. Chukua sehemu ya kwanza peke yake, uitafute kwenye kamusi. Kama irabu ya mwisho tayari ni yake, hakuna kiungo. Slede ni sleji ya theluji na hare ni sungura wa porini, kwa hiyo sledehund na harehund hazina kiungo chochote, ingawa zinafanana kabisa na fårehund. Får ni kondoo bila e, kwa hiyo e ya fårehund ni kiungo. Vivyo hivyo bjørn, dubu, hutoa bjørnehund, na fugl, ndege, hutoa fuglehund.

Elghund (mbwa wa kuwinda elg, mnyama wa jamii ya kulungu), buhund, vakthund (mbwa wa ulinzi) na trekkhund (mbwa wa kukokota) zimebandikwa tu bila kitu katikati.

S asili yake ni alama ya umilikishi. Iko kwenye arbeidshest, farasi wa kazi, kutoka arbeid na hest. Hupenda hasa kutokea pale ambapo sehemu ya kwanza tayari ni neno ambatani. Glasi ya mvinyo ni vinglass, haina s. Glasi ya mvinyo mwekundu ni rødvinsglass, ina s, kwa sababu rødvin tayari ni maneno mawili. S hiyo inamwonyesha msomaji mahali pa kukata: kushoto kwake kuna kifurushi kimoja, kulia kingine. Mfano mzuri kwa wanyama ni ettersøkshund: etter ni baada au nyuma ya, søk ni utafutaji, kisha s, kisha hund. Ni mbwa wa kufuatilia mnyama aliyejeruhiwa. Neno hili lina uzito wa kisheria: anayewinda elg, kulungu mwekundu au kulungu mdogo nchini Norwei lazima awe na uhakika wa kumpata ettersøkshund aliyeidhinishwa, ili mnyama aliyepigwa risasi asiachwe akiteseka porini.

Kiungo tunachokipenda kuliko vyote ni a ya dølahest. Ni farasi mzito wa bonde la Gudbrandsdalen na jirani zake, aliyetumika mashambani na kukokota magogo. Døl ni mtu wa bondeni. Kwa Kinorse cha Kale watu wa bondeni walikuwa dœlir, na "ya watu wa bondeni" ilikuwa dœla. Kwingineko a za namna hii zimefifia na kuwa e, lakini hapa imesimama hadi leo. Ukiiona dølahest unaona umilikishi wa wingi wa kale ukiwa hai ndani ya neno la kila siku.

SWALI: Kama lundehund ni mbwa anayekamata lunde, førerhund ni mbwa anayekamata nani?

JIBU: Hakamati mtu. Fører ni kiongozi, kutoka føre, kuongoza, na førerhund ni mbwa anayemwongoza mtu asiyeona. Hapa mbwa ndiye kiongozi. Katika lundehund mbwa si lunde, anamfuata lunde. Katika fårehund anamchunga kondoo, katika sledehund anaivuta sleji, katika politihund anafanya kazi na polisi. Sarufi ni ile ile, na mahusiano ni matano tofauti.

Neno ambatani la Kinorwei linataja vitu viwili na kusema la pili ndilo kiini. Namna vinavyohusiana halisemi; msomaji hutegemea ujuzi wake mwenyewe. Kiswahili nacho hutegemea ujuzi huo kinaposema mbwa wa polisi na mbwa wa kondoo: -a moja, kazi mbili. Ndiyo maana anayetafuta asili ya maneno haya kwa kamusi peke yake hukwama. Lazima ajue kazi ilifanywaje.

SWALI: Wawindaji wa elg husema løshund na bandhund. Ni aina mbili za elghund?

JIBU: Si nyuzao, ni namna mbili za kufanya kazi. Elg ni mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu, na elghund ni mbwa wa kumwinda. Nyuzao za Kinorwei ni mbili, norsk elghund grå, wa kijivu, ambaye dume wake ana kimo cha sentimita 52 hivi, na norsk elghund sort, mweusi, mdogo zaidi.

Løs ni huru. Løshund huachiwa, akatafuta kwa upana, akampata elg na kumbwekea ili asimame mahali pamoja hadi mwindaji afike. Akimkaribia mno au kwa ukali, elg hukimbia na kazi ya asubuhi nzima hupotea. Akiwa mbali mno au akibweka kwa kusitasita, elg humpuuza na kuondoka. Band ni mshipi au kamba. Bandhund hufungwa kamba ndefu, hutembea mbele ya mwindaji akifuata harufu, na anapaswa kunyamaza. Mbwa mwenye mdomo hawezi kazi hii, hata akiwa na pua nzuri kiasi gani.

Angalia usichanganye løs na los. Los ni kule kubweka kwa mbwa akiwa amempata mnyama. Stålos ni mbweko mnyama akiwa amesimama, ganglos mnyama akiwa anatembea. Herufi moja tu ndiyo tofauti, na maneno yote mawili hutokea katika sentensi moja wawindaji wanapozungumza.

SWALI: Naona mbwa tu. Wanyama wengine je?

JIBU: Tuchukue wawili. Kjørerein ni kulungu wa theluji aliyefunzwa kukokota. Kjøre ni kuendesha, rein ni mnyama mwenyewe, kutoka hreinn ya kale. Hapa sehemu ya kwanza ni kitenzi. Kwa kawaida ni dume aliyehasiwa, kwa sababu dume asiyehasiwa huwa mkali msimu wa kupandana wa vuli, hukonda vibaya, na huingia majira ya baridi akiwa hana nguvu za kukokota chochote. Kimila alielekezwa kwa kamba moja tu, iliyorushwa upande mmoja au mwingine wa mgongo. Waliomfuga na kumfunza ni Wasami, nao humwita heargi. Kinorwei kimeliazima neno hilo likawa herk, neno fupi lisiloambatana na kitu, na watu wa kazi hulitumia kuliko kjørerein. Pulk, sleji yenye umbo la mtumbwi anayoivuta, nayo imetoka upande huo, kwa Wasami na Wafini. Msomaji anayetumia kamusi awe macho: rein pia ni "safi", na hayo ni maneno mawili yasiyohusiana.

Wa pili ni kløvhest, farasi wa kubeba mizigo mgongoni. Kløv ni mzigo wa namna hiyo, kutoka klyf, neno la ukoo mmoja na kitenzi cha kupasua. Mzigo hugawanywa nusu mbili zenye uzito sawa, moja kila ubavu. Nusu zisipolingana tandiko huteleza upande mmoja, hukwaruza ngozi, na farasi hupata kidonda kinachomweka nje ya kazi kwa wiki kadhaa. Neno lenyewe limebeba maelekezo ya kufunga mzigo.

SWALI: Nataka kuchunguza asili ya maneno kama haya mwenyewe. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kulia. Sehemu ya mwisho ndiyo kiini, inakuambia ni mnyama gani na inatoa jinsia ya neno zima. Kisha fanya jaribio la irabu tulilolieleza hapo juu. Kisha fungua Bokmålsordboka na Nynorskordboka, ambazo zinapatikana bure kwenye ordbokene.no, uone kama sehemu ya kwanza ina vidahizo (maneno yanayofafanuliwa na kamusi) zaidi ya kimoja vyenye tahajia sawa. Usiridhike na cha kwanza. Huko ndiko buhund inakoharibika. Kamusi ya Det Norske Akademi, iliyo mtandaoni pia, ina mifano mingi ya matumizi. Kwa lahaja kuna Norsk Ordbok, juzuu 12, iliyoanza mwaka 1930 na kukamilika 2016.

Baada ya hapo linganisha na Kiaisilandi, Kiswidi na Kideni. Kiaisilandi ndicho kitakachokuonyesha miisho iliyopotea.

Ukitafuta neno katika vitabu vya zamani vilivyowekwa mtandaoni na maktaba ya taifa ya Norwei, badilisha tahajia. Herufi å iliingia rasmi mwaka 1917. Kabla ya hapo iliandikwa aa, kwa hiyo tafuta faarehund na Maastad, la sivyo utapata vitabu vipya tu na kudhani neno ni jipya. Maandishi ya zamani ya hati za kigothi husumbua pia, kwani mashine husoma s ndefu kama f. Na ukipata mwaka wa kwanza neno lilipochapishwa, uandike kama mwaka wa kuchapishwa. Wavuvi na wawindaji hawakuwa wakiandika vitabu, na neno linaweza kuwa limekaa midomoni mwao kwa karne nzima kabla ya mtu kulitia wino.

SWALI: Lundehund hutamkwaje, na ninaliandikaje katika Kiswahili?

JIBU: Mkazo uko mwanzoni, kwenye lun. D ya hund haisikiki, husema "hun" kwa n nzito, na u ya Kinorwei hutamkwa midomo ikiwa imebana na ulimi ukiwa mbele kuliko u yetu. Kwa Kinorwei ni en lundehund, lundehunden, to lundehunder, lundehundene, kwa herufi ndogo hata kama ni jina la uzao. Daima neno moja. Kutenganisha ni kosa linaloweza kubadili maana kabisa: lammelår ni paja la mwanakondoo, lakini lamme lår ni mapaja yaliyopooza.

Katika Kiswahili liache lilivyo na ulipe upatanisho wa viumbe hai: lundehund mmoja amekuja, lundehund wawili wamekuja. Ukitaka kulifafanua, andika mbwa wa lunde, na mara ya kwanza mweleze msomaji kwamba lunde ni ndege.